Jinsi ya Kuwauliza Wananchi Bila Kusikia Usichokitaka

Mheshimiwa, ushauri wangu wa kwanza ni mfupi: usiwaulize. Ningeweza kuishia hapo, na wengi waliokutangulia waliishia hapo hapo wakastaafu salama na kujengewa nyumba na serikali. Shirika la umma linaweza kuuzwa, mkopo ukachukuliwa ambao watakaoulipa bado hawajazaliwa, mwananchi akazipata habari hizo redioni katikati ya salamu na matangazo ya vifo. Hata nchi huunganishwa hivyo. Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, na siku nne baadaye Tanganyika na Zanzibar zikawa nchi moja. Hakuna upande ulioitwa kituoni kutia alama ya vema. Miaka zaidi ya 60 imepita. Manung'uniko yapo, hasa kwenye baraza za kahawa kule Unguja na Pemba, lakini Muungano nao upo. Je, ungepita kama watu wangeulizwa siku ile? Usilichokonoe swali hilo. Ndilo linalowatia watu hamu ya kura ya maoni.

Kama ni lazima usikike umeuliza, ipo njia ya katikati: unda tume. Tume haina karatasi ya kura, kwa hiyo haina hesabu inayomfunga mtu. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi nzima kuuliza kama tubaki na chama kimoja au twende na vyama vingi. Karibu watu wanane katika kila kumi waliotoa maoni walisema chama kibaki kimoja. Tume ikawasikiliza, ikawashukuru, ikapendekeza vyama vingi. Mwaka uliofuata katiba ikabadilishwa. Leo uzunguke Dar es Salaam yote humpati mtu anayekiri kwamba alikuwa miongoni mwa wale wanane.

Hapo ndipo penye mfupa ambao wapenzi wa kura ya maoni hawapendi kuutafuna. Kama ingepigwa kura mwaka ule, tungebaki na chama kimoja kihalali kabisa, kwa ridhaa ya wananchi, na anayedai vyama vingi angeitwa msaliti wa uamuzi wa umma. Waliotaka mabadiliko walikuwa wachache, wakashinda kwa sababu wakubwa walikuwa wamekwisha kuona yaliyozipata serikali za Ulaya ya Mashariki. Kwa maoni yangu walifanya sawa. Ila usimwambie mtu kwamba mimi nimesema wengi walikosea. Kiongozi akishaanza kuyazoea maneno hayo, hayaishii kwenye jambo moja.

Ubaya wa kutouliza ni huu: siku moja watajibu bila kuulizwa. Kenya, Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipita bungeni wabunge wakiwa na uhakika wa kura zao. Tarehe 25 vijana waliingia ndani ya Bunge lenyewe Nairobi. Watu walipigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Ile ilikuwa kura ya maoni isiyo na tarehe, isiyo na karani wala wino wa kidoleni, na gharama yake haikuwa ya karatasi.

Kwa hiyo uliza, Mheshimiwa. Ila ujue kuuliza.

Swali liandike mwenyewe, usimwachie mwanasheria anayependa ufasaha. Walimu wazuri wako jirani, Uganda. Mwaka 2000 Waganda waliulizwa wachague: mfumo wa Movement, usio na ushindani wa vyama, au mfumo wa vyama vingi? Zaidi ya asilimia 90 wakachagua Movement. Mwaka 2005 wakaulizwa kama wanakubali kufungua uwanja wa siasa, ili wanaotaka kujiunga na vyama wafanye hivyo na kushindania madaraka. Zaidi ya asilimia 92 wakasema ndiyo. Tazama maneno yalivyopangwa. Nani atakataa kufungua? Nani atamkatalia “anayetaka”? Mgeni atadhani Waganda ni vigeugeu, mwaka huu hivi, mwaka ule vile. Hasha. Rais alikuwa yule yule, na upande aliouombea kura ndio ulioshinda mara zote mbili, kwa hiyo inaelekea watu walijibu swali lile lile miaka yote miwili: mzee anatakaje? Zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakwenda kabisa kupiga kura ile ya pili, nao huenda ndio walioielewa vizuri zaidi. Mwezi ule ule wa kura Bunge lilikuwa katika shughuli ya kuondoa ukomo wa mihula ya urais. Hilo halikuwekwa kwenye karatasi ya mtu.

Kama huna swali tamu, tafuta gumu. Ugiriki, Julai 2015, benki zimefungwa na mtu anaruhusiwa kutoa kwenye mashine euro 60 tu kwa siku, wananchi walipewa siku nane kujiandaa kujibu. Karatasi iliwauliza kama ukubaliwe mpango uliowasilishwa na Tume ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa katika kikao cha Eurogroup cha tarehe 25 Juni, mpango wenye sehemu mbili. Nyaraka zikatajwa kwa majina yake: moja ya mageuzi ya kukamilisha programu iliyopo na yatakayofuata, nyingine ya uchambuzi wa awali wa uhimilivu wa deni. Fikiria bibi wa kisiwani, miwani puani, foleni nyuma yake, anauchambua uhimilivu wa deni kwa penseli. Na kwa kuwa serikali ilitaka Hapana, Hapana iliandikwa juu na Ndiyo chini. Asilimia 61 wakasema hapana. Kilichofuata nitakieleza tukifika kwenye somo la kushindwa, ingawa wale walishinda.

Ukiona maneno yote hayakutoshi, yapo maumbo. Aprili 1938, majeshi ya Hitler yakiwa tayari yamekwisha kuingia Austria, watu waliulizwa kama wanakubali kuunganishwa na Ujerumani. Karatasi ilikuwa na duara kubwa katikati kwa ajili ya Ndiyo, na pembeni kiduara kidogo kwa ajili ya Hapana. Ndiyo ikapita asilimia 99. Huo ni ushamba, sikushauri uuige. Mwenye mizinga barabarani hana haja ya kuchora maduara, na mwenye maduara hayo ameacha ushahidi ambao watoto wa shule wanaonyeshwa hadi leo.

Baada ya swali, wapiga kura. Hapa viongozi wengi huchelewa. Mwaka 1964 Uganda ilikuwa na mgogoro wa kaunti za Buyaga na Bugangaizi, ardhi ya Bunyoro ambayo Waingereza waliikabidhi Buganda tangu enzi za vita vya kuitwaa nchi. Wakazi waliahidiwa kura waamue wenyewe: wabaki Buganda au warudi Bunyoro. Kabaka Mutesa II, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa pia Rais wa Uganda, alipiga hesabu akaona watu wake pale ni wachache. Akawapeleka askari wastaafu wa Kiganda wakaanzishe makazi Ndaiga, kando ya Ziwa Albert, wakatulie, walime, na Novemba ikifika wapige kura kama wenyeji. Mpango mzuri, isipokuwa kalamu haikuwa yake. Waziri Mkuu Milton Obote akaamuru kwamba watakaopiga kura ni wale tu walioandikishwa kwa uchaguzi wa 1962. Wastaafu wa Ndaiga wakabaki na majembe yao. Tarehe 4 Novemba kaunti zote mbili zikachagua kurudi Bunyoro, na uhusiano wa Kabaka na Waziri Mkuu haukupona tena. Miaka miwili baadaye mmoja wao alikuwa uhamishoni. Ukitaka kuhamisha watu, Mheshimiwa, anza kwa kulihamisha daftari la wapiga kura.

Sasa alama. Usiwape watu matunda.

Nalisema kwa herufi ndogo lakini ningelipigia tarumbeta. Kenya, 2005, rasimu ya katiba inapelekwa kwa wananchi, na Tume ya Uchaguzi, ili kumsaidia asiyejua kusoma, inatoa ndizi kwa Ndiyo na chungwa kwa Hapana. Nia ilikuwa njema. Lakini tunda lina mambo yake. Chungwa linakaa mkononi, linainuliwa juu likaonekana, likimenywa linanukia hadi nyuma ya mkutano, na anayelila amekwisha kupiga kampeni. Ndizi uliyoitia mfukoni asubuhi, ikifika saa sita huna cha kumwonyesha mtu. Watu wakajaa viwanjani na machungwa mikononi. Muuza matunda hakuweza tena kupanga meza yake kwa amani. Akilitanguliza chungwa huyu ananuna, akiitanguliza ndizi yule anapita bila kununua.

Rasimu yenyewe ilijulikana kwa jina la Mwanasheria Mkuu Amos Wako. Ile ya kwanza, iliyotoka kwenye mkutano wa Bomas, ilikuwa imempa waziri mkuu meno, hii ikamng'oa. Ilikuwa na mambo ya ardhi, ya mahakama za Kadhi, ya mamlaka ya serikali za mitaa, mambo ya kusomwa usiku kucha kwa taa. Wachache walisoma. Swali walilolijibu wengi halikuandikwa popote: mnamwonaje Rais Kibaki na ahadi za uchaguzi wa 2002? Serikali ilijitahidi kulainisha mioyo. Mwishoni mwa Septemba ilitangaza kuiondoa Amboseli katika hifadhi za taifa na kuikabidhi kwa baraza la wilaya la Olkejuado, ili Wamasai nao wajue wanakumbukwa. Tarehe 21 Novemba chungwa likapata asilimia 58 na ndizi 42, na kati ya mikoa minane ni Mkoa wa Kati peke yake ulioikubali ndizi. Siku mbili baadaye Rais akalivunja baraza zima la mawaziri, akawabakiza Makamu wa Rais na Mwanasheria Mkuu. Yaani wananchi waliulizwa habari za katiba, wakajibu habari za serikali, na Rais akalielewa jibu vizuri sana.

Hasara haikuishia pale. Wapinzani walipewa jina, rangi na alama, vyote kwa gharama ya hazina ya taifa, wakavigeuza kuwa chama. ODM, Orange Democratic Movement, ni mtoto wa karatasi ile ya kura. Mwaka 2010, rasimu nyingine ilipopelekwa kwa wananchi, wakubwa walikuwa wameshapata funzo: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa Hapana. Hakuna aliyewahi kumenya kijani jukwaani.

Hiyo ya 2010 inatufundisha kufungasha. Katiba ile ina vifungu 264, na mpiga kura alipewa alama moja. Mkristo aliyependa sana kaunti, akachukizwa na kifungu cha 26 kuhusu utoaji mimba, alikuwa na alama moja. Mwenye mashamba makubwa aliyependa haki za raia na kuogopa sura ya ardhi, alama moja. Makanisa yalipinga, William Ruto akaongoza upande wa Hapana, na bado zaidi ya theluthi mbili wakakubali tarehe 4 Agosti. Sisemi ilikuwa vibaya. Katiba ile imewasaidia Wakenya kuliko wengi walivyotarajia, na nitaonyesha hapa chini ilivyowaumiza hata wakubwa. Nasema tu kwamba kifungashio ni silaha, na mwenye kufunga ndiye anayejua kilicho chini.

Ila kufunga nako kuna adabu zake. Mei mwaka ule, nakala zikichapwa na Mpiga Chapa wa Serikali, maneno mawili ya Kiingereza yakajipenyeza katika kifungu cha 24, kile kinachoeleza ni wakati gani haki za mtu zinaweza kuwekewa mipaka. Kwa Kiswahili ni “usalama wa taifa”. Mawili hayo yangetosha kuzitoboa kurasa zote za haki zilizotangulia na zilizofuata. Yakagunduliwa, zikatokea kelele, uchapaji ukasimamishwa. Anayetaka kuongeza maneno asiongeze kwenye kitabu ambacho mara hii watu wameamua kukisoma.

Ufundi wa hali ya juu zaidi uko Rwanda. Mwaka 2015 wananchi zaidi ya milioni 3.7 walilipelekea Bunge maombi ya kurekebisha ibara inayomzuia Rais Kagame kuendelea. Marekebisho yakaja na muhula uliofupishwa kutoka miaka saba hadi mitano, na ukomo wa mihula miwili, mambo ambayo mpenda demokrasia yeyote angeyapigia makofi. Tena ndani yake mna ibara ya mpito inayoruhusu kwanza muhula mmoja wa miaka saba, hesabu ya mipya ianzie baadaye. Desemba wakapiga kura, asilimia 98 wakakubali. Mimi nimekaa kwenye vikao vya harusi ambako watu thelathini wa ukoo mmoja hawakufika asilimia 60 kuhusu rangi ya sare.

Hayo maombi ya wananchi yananileta kwenye sahihi. Zinapendeza kwa sababu zinaonyesha kwamba wewe hukuomba kitu, umeombwa. Katiba ya Kenya inamtaka mwenye hoja alete sahihi milioni moja za wapiga kura walioandikishwa. Upinzani ulipoleta zake za Okoa Kenya walisema wana zaidi ya milioni 1.6; mwaka 2016 tume ya uchaguzi ikahesabu halali 891,598, mchezo ukaisha. Ekuru Aukot na Punguza Mizigo yake aliivuka milioni, kisha mabunge ya kaunti yakamzika mwaka 2019. Alikuwa anapendekeza idadi ya wabunge ipunguzwe, na huo ni ujumbe mgumu kuupeleka kwa watu wanaotarajia kuwa wabunge.

Waliofuata walijipanga. Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mkono tarehe 9 Machi 2018, na katika mkono ule ikazaliwa BBI, mpango wao wa kurekebisha katiba. Sahihi zilikuja kwa mamilioni. Tume ilipoweka orodha hadharani Januari 2021, wapo waliokuta majina yao na namba zao za kitambulisho, nao hawakumbuki kushika kalamu. Kwa wawakilishi wa wadi likatoka jambo la magari, ruzuku ya shilingi milioni mbili kwa kila mmoja, na mwezi uliofuata mabunge zaidi ya 40 kati ya 47 yakaupitisha muswada kwa moyo mweupe. Kila kitu kilikuwa tayari. Tarehe 13 Mei majaji watano wa Mahakama Kuu wakausimamisha. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nao, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikamaliza: njia ile ya sahihi milioni moja ni ya Wanjiku, yaani mwananchi wa kawaida, Rais hana ruhusa ya kuipitia. Bahati mbaya kubwa. Kumbe ile katiba iliyofungashwa 2010 ilikuwa na kifungu chenye meno, na wanaojua kuisoma wamevaa majoho.

Kwa hiyo kabla ya kukusanya sahihi, kagua hali ya mahakama.

Kuhesabu hakuhitaji maelezo marefu, mfano mmoja unatosha. Tarehe 22 Desemba 1974 watu wa visiwa vinne vya Comoro waliulizwa na Ufaransa kama wanataka uhuru. Karibu asilimia 95 wakasema ndiyo. Lakini ukiitazama Mayotte peke yake, karibu asilimia 64 walisema hapana. Kura zilipokwisha kuhesabiwa pamoja, Bunge la Paris likaona ni vyema zihesabiwe upya kisiwa kwa kisiwa. Comoro ikajitangazia uhuru Julai 1975, na Mayotte ikabaki ya Ufaransa, mpaka leo ikiwa mkoa kamili wenye euro na polisi wa Kifaransa. Mtu wa kisiwa jirani cha Anjouan akitaka kumzika shangazi yake Mayotte anahitaji viza. Akiikosa, anapanda kwasa kwasa usiku, na boti hizo si zote zinazofika. Wote walipiga kura siku moja, karatasi moja. Kilichowatenganisha ni hesabu iliyochaguliwa baada ya jibu kujulikana. Mwongozo wa kejeli unapata shida kupita mahali hapa, basi tuendelee.

Ukishindwa je? Zipo tiba kadhaa. Ireland ilikataa Mkataba wa Lisbon mwaka 2008 kwa asilimia 53. Ikaulizwa tena mwaka uliofuata, baada ya kupewa ahadi mbili tatu, ikakubali kwa 67. Haikuulizwa mara ya tatu. Jibu lilikuwa limeshafika mahali pake. Ugiriki yenyewe ilishinda, na hilo ni gumu zaidi: Waziri Mkuu Tsipras aliomba Hapana, akapewa Hapana kwa mikono miwili, watu wakacheza uwanjani usiku kucha, na siku nane baadaye akakubali masharti ambayo wengi waliyaona makali kuliko yale yaliyokataliwa. Wadai hawakuwa wamepiga kura Athens. Ukiuliza wananchi wako jambo ambalo funguo zake ziko mfukoni mwa mtu wa nchi nyingine, utapata jibu safi la swali ambalo halikuwa lao kulijibu.

Tiba bora kuliko zote ni ya kwetu, na ninashangaa haifundishwi vyuoni. Tume ya Jaji Warioba ilikusanya maoni ya Watanzania, ikaja na rasimu ya katiba yenye serikali tatu. Mwaka 2014 Bunge Maalum likakutana Dodoma, posho shilingi 300,000 kwa siku kwa kila mjumbe, na wapo waliosimama kusema haitoshi. Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje mwezi Aprili. Waliobaki wakazirudisha serikali ziwe mbili, na tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapita, watu wakaimba. Kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015. Sheria ilitaka Ndiyo ipate zaidi ya nusu Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande peke yake, na Zanzibar haikuwa na uhakika. Tarehe 2 Aprili mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, Jaji Damian Lubuva, akatangaza kwamba kura imeahirishwa, uandikishaji kwa mashine za BVR haujakamilika. Uandikishaji ukakamilika, uchaguzi mkuu wa Oktoba ukafanyika kwa daftari lile lile, na kura ile haijapigwa hadi leo. Ndiyo haikushinda, Hapana haikushinda, hakuna aliyeaibika. Vitabu vya katiba hiyo bado vipo kwenye maktaba za wilaya, karatasi yake nzuri, vimekaa sana.

Nimalizie na mfano wa hatari, ili uujue ukiuona. Zanzibar, 31 Julai 2010. Kabla ya hapo kila uchaguzi tangu 1995 ulikuwa ni ugomvi, na Januari 2001 watu walikufa kwa risasi Pemba na Unguja. Novemba 2009 Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF wakakaa chini, wao wawili, wakapatana. Ndipo wananchi wakaulizwa jambo moja: mnakubali baada ya uchaguzi ujao iundwe serikali ya umoja wa kitaifa? Asilimia 66.4 wakakubali.

Tazama makosa yaliyofanyika pale. Swali lilikuwa moja. Tarehe haikuwekwa kumfaa mtu mmoja, maana Karume alikuwa anaondoka madarakani na mpatano ule haukumwongezea hata siku. Wakubwa wa pande zote mbili walikwenda kuomba kura ile ile, kwa hiyo mpiga kura hakuweza kumkomoa yeyote kwa kuikataa; ilimbidi alijibu swali lenyewe. Na theluthi moja waliosema hapana walihesabiwa, wakatangazwa, hakuna aliyewaambia hawakuelewa. Oktoba uchaguzi ukafanyika, Dkt. Shein akapata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, tofauti ambayo mwaka mwingine ingefunga mitaa ya Mji Mkongwe, na aliyeshindwa akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Watu wakaenda sokoni kama kawaida. Nakiri kwamba ya 2015, uchaguzi ulipofutwa, yalionyesha kwamba karatasi ya 2010 peke yake haiwezi kumshikilia asiyetaka kushikiliwa. Lakini kama siku moja utaulizwa ni wapi kwetu wananchi waliulizwa wakajibu walichoulizwa, jibu unalo.

Ukiona unavutwa na njia hiyo ya Zanzibar, Mheshimiwa, basi huhitaji mshauri, na mkataba wetu unaweza kuvunjwa bila ugomvi. Ankara ya kazi niliyokwisha kuifanya nimeiambatisha. Viwango ni vile vya Dodoma, kwa siku, na naomba nilipwe kabla ya matokeo kutangazwa.